Kujitolea Kutunza Zana ya Kusasisha Programu Bila Intaneti: Mwongozo wa Fundi wa Lubumbashi

Katika sekretarieti ndogo za kando ya barabara hapa Lubumbashi, zile ambako wanafunzi huchapisha kazi zao za mwisho wa masomo na watu wazima huandikisha barua za kuomba ajira, kompyuta nyingi haziunganishwi na intaneti kwa miezi mizima. Mwenye duka hununua mega (kifurushi cha intaneti) kwa ajili ya simu yake, na anajua kwamba akiiruhusu mashine ijisasishe yenyewe, kifurushi cha wiki kinaweza kuisha kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo anazima masasisho na kuendelea na kazi, huku flashi za wateja zikichomekwa moja baada ya nyingine mchana kutwa, kila moja na virusi vyake.

Zipo zana zilizotengenezwa kwa hali kama hii. Zinapakua masasisho mara moja kwenye kompyuta moja yenye intaneti, kisha mtu anayabeba kwa diski ya nje hadi kwenye mashine nyingine kumi au hamsini. Kwa upande wa Windows, inayojulikana zaidi ni WSUS Offline Update, iliyoanzia Ujerumani katika jarida la c't na baadaye ikaendelezwa na jumuiya ya watu wa kujitolea. Kwa Debian, mfumo wa bure wa familia ya Linux, na jamaa zake ipo apt-offline. Zana za namna hii zinaishi kwa sababu watu wachache, mara nyingi wasiozidi vidole vya mkono mmoja, wanazitengea saa zao za jioni, na mmoja wao akichoka au akipata kazi mpya, maelfu ya watumiaji hubaki wakisubiri bila kujua wanamsubiri nani.

Mwongozo huu ni kwa fundi wa Lubumbashi, au wa mji wowote wenye intaneti ghali, anayetaka kuingia katika kundi hilo la wachache. Huhitaji kuwa mwandishi hodari wa msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, ili kuanza. Unahitaji uvumilivu, daftari, na tabia ya kutogusa kitu usichokielewa, kwa maana mtunzaji wa zana ya kusasisha ameshika funguo za nyumba za watu asiowajua, na karibu kila ninachokieleza hapa chini kinatokana na hilo.

Hatua ya kwanza: itumie zana kwa miezi mitatu

Microsoft hutoa masasisho yake makuu ya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, yaani saa 19:00 au 20:00 za Lubumbashi kutegemea majira ya huko. Mzunguko mmoja wa zana hii basi ni mwezi mmoja, na mtu aliyeitumia mara moja hajaiona bado. Katika mwezi wa kwanza unajifunza kuiendesha, katika wa pili unakutana na kasoro, na katika wa tatu ndipo unapogundua kama kasoro ile ilikuwa ya zana, ya mashine, au ya mikono yako mwenyewe.

Andika kila kitu daftarini: tarehe, mashine, toleo la Windows na lugha yake, kiasi cha data kilichopakuliwa, muda uliotumika, na ujumbe uliotokea mwishoni. Daftari hili litakufaa kuliko cheti chochote siku utakapojadiliana na watunzaji wengine, kwa sababu wengi wao wana mashine mbili au tatu tu, tena mpya, ilhali fundi wa hapa hupitisha mikononi mwake mashine kuukuu za kila namna ndani ya wiki moja.

Wakati huohuo soma orodha ya mabadiliko ya zana tangu matoleo ya nyuma, na orodha ya kasoro zilizoripotiwa, zikiwemo zilizokwisha kufungwa. Soma pia leseni. Ikiwa zana iko chini ya GPL toleo la 3, leseni ya programu huria, una ruhusa ya kuibadilisha na kuisambaza mradi utoe msimbo chanzo na kubaki na leseni hiyohiyo. Ruhusa hiyo haihusu faili za masasisho zenyewe, ambazo ni mali ya kampuni iliyozitengeneza. Ndiyo maana zana huzipakua moja kwa moja kutoka seva za mtengenezaji, na ndiyo maana hupaswi kamwe kuziweka ndani ya hazina ya msimbo ya mradi (mahali faili za programu na historia yake zinapotunzwa), hata kama ungependa kumwokolea mwenzako megabaiti.

Hatua ya pili: andaa karakana

Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 inatosha kuendesha kompyuta pepe moja (kompyuta ya kuigizwa ndani ya nyingine) kwa wakati mmoja kwa kutumia programu ya VirtualBox. Sakinisha humo Windows ya majaribio ya siku 90 ambayo Microsoft yenyewe huitoa bure kwa ajili ya kutathmini toleo la Enterprise, kisha hifadhi nakala ya hali yake kabla ya kila jaribio, ili ukiharibu uweze kurudi nyuma kwa dakika moja. Usijaribu zana kwenye Windows iliyovunjwa leseni: mbali na suala la sheria, mashine hizo mara nyingi zimeguswaguswa sehemu za ndani za huduma ya masasisho, na utakesha ukitafuta kasoro ambayo haimo kwenye zana.

Pamoja na kompyuta pepe, tenga mashine moja halisi na nzee. Sisi tunalo jaribio ambalo wenzetu wa Ulaya hulazimika kulibuni, nalo ni umeme kukatika katikati ya usakinishaji. Weka kumbukumbu ya kilichotokea umeme uliporudi: je, zana iliendelea ilipoishia, ilianza upya, au ilidai kwamba kazi imekwisha ilhali haijaisha? Jibu la tatu ndilo la hatari, na nimeliona zaidi ya mara moja.

Kuhusu intaneti, panga matumizi yake mapema. Hazina ya msimbo unaweza kuipakua bila historia yake yote kwa amri git clone --depth 1 ya git, programu ya kutunza historia ya msimbo, jambo linalofaa kwa kuangalia tu, lakini mtunzaji anahitaji historia kamili, kwa hiyo ipakue mara moja usiku na baada ya hapo utakuwa unavuta mabadiliko mapya peke yake, ambayo ni madogo. Amri git bundle hufunga hazina nzima ndani ya faili moja inayobebeka kwa flashi. Fundi aliye Likasi au Kolwezi anaweza kupokea kazi yote kutoka kwako bila kutumia hata mega moja, na akakurudishia mabadiliko yake kwa njia hiyohiyo.

Hatua ya tatu: fuata safari ya sasisho moja

Kabla ya kubadilisha mstari wowote, chukua sasisho moja na ulifuate kuanzia linapotajwa hadi linaposakinishwa. Hapa usiharakishe, maana ndipo utaalamu wote wa kazi hii ulipo.

Safari inaanzia kwenye orodha kuu. Kwa Windows orodha hiyo ni faili iitwayo wsusscn2.cab, ambayo Microsoft huitoa upya kila mwezi ikiwa imetiwa saini ya kidijiti. Ni faili ya mamia ya megabaiti, na ndani yake mna maelezo ya masasisho ya usalama, ya vifurushi vya masasisho, na ya pakiti za huduma. Madereva (programu za kuendesha vifaa kama vichapishi) hayamo, wala masasisho mengi yasiyo ya usalama. Huduma ya masasisho iliyo ndani ya kila Windows inaweza kuisoma faili hii bila intaneti na kutamka ni nini kinachokosekana kwenye mashine husika. Mtumiaji akikuuliza kwa nini dereva wa kichapishi chake haukusasishwa, jibu liko hapa.

Baada ya orodha hufuata upakuaji. Zana nzuri lazima iweze kuendelea pale ilipokatikia, kwa kuiomba seva sehemu iliyobaki ya faili badala ya kuianza upya. Jaribu hili kwa makusudi: zima modemu upakuaji ukiwa nusu, iwashe tena, uone. Tangu Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, na kwa Windows 7 na 8.1 tangu Oktoba 2016, masasisho ya kila mwezi ni ya kulimbikiza, yaani faili moja ya mwezi huu hubeba pia ya miezi iliyotangulia. Hilo limerahisisha kazi ya zana, lakini limefanya faili kuwa kubwa, na kupoteza faili moja iliyofika asilimia tisini si jambo la kuchekesha kwa mtu anayelipa kwa megabaiti.

Kisha kuna uhakiki, ambao watu wengi huuchanganya. Alama ya SHA-256 ni kama alama ya kidole ya faili: herufi moja ikibadilika ndani, alama yote inabadilika. Inakuthibitishia kwamba faili uliyonayo ni ileile iliyoorodheshwa. Haikuambii nani aliyeiorodhesha. Saini ya kidijiti ndiyo inayojibu swali hilo la pili, na zana inayokagua alama bila kukagua saini, au inayopata alama hizo kwa njia isiyolindwa, imefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Katika Debian saini iko kwenye faili ya Release ya kila hazina ya vifurushi, na faili hiyo mara nyingi huwa na tarehe ya mwisho wa kutumika, ili mtu asiweze kukulisha orodha ya zamani yenye programu zilizokwisha kujulikana kuwa na matundu ya usalama.

Mwishoni huja usakinishaji na majibu yake. Zizoee namba hizi, kwa kuwa nusu ya malalamiko utakayopokea yatatokana na kutozielewa. Namba 0 ina maana kazi imefanikiwa. Namba 3010 nayo ni mafanikio, ila mashine inadai kuwashwa upya. Namba 2359302 inasema sasisho lilikwisha kusakinishwa, na -2145124329 inasema sasisho halihusiki na mashine hiyo. Zana inayozichukulia zote zisizo 0 kuwa makosa itamtisha mtumiaji bure. Usakinishaji ukishindwa kweli, fungua faili ya kumbukumbu iitwayo CBS.log iliyo katika C:\Windows\Logs\CBS, uisome kutoka mwisho kurudi juu.

Hatua ya nne: tafuta kasoro zinazoonekana kwetu tu

Windows zetu ni za Kifaransa, na hapo ndipo mchango wa fundi wa Kongo una thamani kubwa kuliko anavyodhani. Waandishi wengi wa zana hizi hujaribu kwenye Windows ya Kiingereza au ya Kijerumani, na msimbo wao hubeba dhana ambazo hawazioni.

Mfano wa kwanza ni kundi la wasimamizi. Msimbo unaolitafuta kwa jina Administrators utashindwa kwetu, kwa sababu kwenye Windows ya Kifaransa linaitwa Administrateurs. Tiba yake ni kutumia kitambulisho kisichobadilika kwa lugha, S-1-5-32-544, ambacho ni kilekile Lubumbashi na Tokyo. Mfano wa pili ni tarehe: hati ya amri inayokata maandishi ya tarehe ikitarajia mwezi kwanza itasoma tarehe 3 Desemba kuwa 12 Machi, nayo itaamua kwamba orodha kuu imepitwa na wakati. Wa tatu ni herufi zenye alama. Mtumiaji mwenye folda iliyoandikwa Désiré ataona njia ya faili imevurugika, kwa sababu dirisha la amri la Windows ya Kifaransa hutumia jedwali la herufi la 850 wakati programu nyingine za mashine hiyohiyo zinatumia la 1252.

Kuna pia kasoro za vifaa vyetu. Flashi iliyopangwa kwa FAT32 haiwezi kubeba faili inayofikia gigabaiti 4, na zana inapaswa kusema hivyo waziwazi kabla ya kuanza kunakili, badala ya kukatika katikati kwa ujumbe usioeleweka. Halafu betri ndogo ya bodi mama. Kwenye mashine za mitumba betri hiyo ya CR2032 mara nyingi imekufa, saa ya kompyuta inarudi miaka kumi au zaidi nyuma kila umeme unapokatika, na kwa mashine hiyo cheti cha usalama kilichotolewa mwaka jana bado hakijaanza kutumika. Upakuaji wa njia salama unakataliwa, saini zinakataliwa, na mtumiaji analaumu zana. Ukiongeza ukaguzi mmoja tu wa tarehe mwanzoni mwa zana, utakuwa umepunguza ripoti nyingi za uongo kwa siku moja.

Ukishaipata kasoro, iripoti ipasavyo. Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, ikiwa na maneno mawili tu chini yake, kwamba haifanyi kazi. Ilikaa wiki kadhaa bila jibu, na nilistahili hivyo. Ripoti nzuri inaeleza ulichofanya hatua kwa hatua, ulichotarajia, kilichotokea, toleo la zana, toleo na lugha ya mfumo, na inaambatisha faili ya kumbukumbu baada ya kuondoa jina la mteja na jina la kompyuta yake. Miradi mingi huandikiana kwa Kiingereza. Andika sentensi fupi, na ukitumia programu ya kutafsiri, hakikisha haijatafsiri amri na majina ya faili pia, kwani nimeona yakitafsiriwa.

Hatua ya tano: toa badiliko la kwanza

Chagua kasoro ndogo, fungua tawi lake (nakala ya pembeni ya msimbo), rekebisha hiyo tu. Kishawishi cha kupanga upya msimbo ulio jirani ni kikubwa, kiache. Mkaguzi anayetumia saa zake za usiku atasoma badiliko la mistari sita leo, na la mistari mia sita atalisoma siku isiyojulikana.

Angalia miisho ya mistari. Hati za amri za Windows zinataka mwisho wa mstari wa Windows, na kihariri kilichowekwa kwa mtindo wa Linux kinaweza kuibadilisha yote bila kukuuliza. Niliwahi kutuma badiliko la mistari minne lililoonekana kama nimeandika upya faili nzima, na mtunzaji akanirudishia kwa upole akitaka nianze tena. Tangu siku hiyo huangalia tofauti kwa git diff kabla ya kutuma chochote.

Katika maelezo ya badiliko, eleza sababu zaidi ya kitendo. Kitendo kinaonekana kwenye msimbo wenyewe. Kwamba ulikuwa na mashine saba za Kifaransa na tano zikashindwa, hilo hakuna mtu atakayelijua usipoliandika. Na ukirekebishwa, kubali au toa hoja, lakini usinune.

Hatua ya sita: funguo

Baada ya miezi kadhaa ya ripoti nzuri na mabadiliko yaliyokubaliwa, huenda ukapewa haki ya kuunganisha mabadiliko ya wengine, na baadaye haki ya kutoa matoleo. Usiiombe mapema. Anayeiomba mapema anawapa wenzake sababu ya kumshuku, na wana haki ya kushuku.

Mwaka 2021 mtu aliyejiita Jia Tan alianza kuchangia katika xz, programu ndogo ya kubana faili inayotumiwa karibu kila mahali kwenye Linux na iliyokuwa ikitunzwa na mtu mmoja aliyechoka. Alichangia kwa subira, huku akaunti nyingine zikimshinikiza mtunzaji apokee msaada, hadi akapewa haki ya kutoa matoleo. Mwanzoni mwa 2024 matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalitoka yakiwa na mlango wa siri. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliutangaza ulimwenguni, baada ya kushangaa kwa nini kuingia kwenye seva kutoka mbali kwa njia ya SSH kulichelewa kama nusu sekunde. Msimbo mbaya ulikuwa umefichwa ndani ya faili za majaribio, na sehemu iliyouamsha ilikuwemo kwenye kifurushi cha toleo lakini haikuwemo kwenye hazina ya msimbo ambayo kila mtu aliikagua.

Njia ya masasisho yenyewe nayo imekwisha kutumika kama silaha. Juni 2017 virusi vya NotPetya vilianza kuenea Ukraina kupitia masasisho ya programu ya uhasibu ya M.E.Doc, na Desemba 2020 iligundulika kwamba masasisho ya programu ya kampuni ya SolarWinds yalikuwa yamepandikizwa msimbo wa wapelelezi. Walioathirika wa kwanza walifanya walichoambiwa siku zote: walisasisha.

Kutokana na hayo, haya ndiyo ninayoyafuata, na ninamshauri kila fundi ayafuate bila kupunguza. Akaunti yako ya hazina ya msimbo ilindwe kwa uthibitisho wa hatua mbili unaotumia programu ya kutoa namba, ambayo hufanya kazi hata simu ikiwa haina mtandao. Usitegemee ujumbe wa simu, kwa maana laini iliyokaa bila kutumika inaweza kufungwa na namba yake kuishia mfukoni mwa mtu mwingine. Namba za dharura zichapishe kwenye karatasi, nakala moja iwe nyumbani na nyingine kwa ndugu unayemwamini. Ufunguo wa kutia saini matoleo usikae kamwe kwenye kompyuta ya karakana ambamo flashi za wateja huchomekwa. Tafuta mashine nyingine, hata iwe nzee na ya polepole, isiyopokea flashi ya mtu yeyote.

Toleo litengenezwe kutokana na yaliyomo kwenye hazina ya msimbo peke yake, na mtunzaji wa pili alitengeneze pia kwake, kisha mlinganishe alama za SHA-256. Zisipolingana, msitoe. Kataa faili zisizosomeka zinazoletwa kama sehemu ya majaribio isipokuwa pale ambapo aliyezileta ameeleza zilivyotengenezwa nawe ukaweza kuzitengeneza upya. Na mtu akikusukuma uharakishe, hasa mtu usiyemjua, punguza mwendo.

Hatua ya saba: mwezi wa mtunzaji

Jumanne ya pili usifanye lolote zaidi ya kusoma maelezo yaliyotolewa. Jumatano jaribu kwenye kompyuta pepe, na kuanzia Alhamisi kwenye mashine halisi chache. Haraka haina sababu, kwani watengenezaji wenyewe hukosea: Oktoba 2018 Microsoft ililazimika kusimamisha toleo la 1809 la Windows 10 baada ya faili za baadhi ya watumiaji kufutwa, na ilirudi kulitoa Novemba. Kwa hiyo zana inahitaji orodha ya masasisho yanayorukwa, na kuitunza orodha hiyo, kwa kuandika kando ya kila sasisho sababu ya kulizuia na tarehe ya kuliangalia tena, ni kazi nzuri sana ya kukabidhiwa mtu mgeni.

Lakini usisubiri mno. Kiraka, yaani sasisho la kuziba, cha tundu lililotumiwa na virusi vya WannaCry kilitoka tarehe 14 Machi 2017, na mashambulizi yakaja tarehe 12 Mei. Ilikuwa miezi miwili kasoro siku mbili, na mashine zilizoangamia zilikuwa zile ambazo hazikuguswa katika muda huo. Mimi hujiwekea siku kumi kuanzia Jumanne ya pili.

Toa toleo la majaribio kwanza kwa watu wachache waliokubali kulipokea. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya programu za usalama, ilisambazwa kwa wateja wote kwa pamoja, na kwa hesabu ya Microsoft ikaangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5. Hapa mjini tumejipanga mafundi watatu, wa Kamalondo, wa Katuba na wa Ruashi. Mmoja hupakua, wengine hunakili, na kila mmoja hujaribu kwenye mashine za aina tofauti kabla hatujatangaza chochote.

Suala la mifumo iliyostaafu litarudi kwenye meza yako kila mwezi. Windows 7 iliachwa tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa wanaojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza. Kompyuta nyingi za hapa hazina TPM 2.0, chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11. Papa mmoja, yaani mzee wa hapa, mwenye sekretarieti aliniuliza kwa nini zana yetu haiwezi kuendelea kumletea masasisho, naye aliuliza kwa heshima kabisa. Nilimjibu kwamba sisi ni wabebaji: tunabeba kilichopo, hatuwezi kubeba ambacho mtengenezaji hakukitoa. Wiki iliyofuata tulimwekea Debian kwenye mashine moja kati ya tatu alizonazo, na sasa anaisasisha kwa diski ileile.

Hatua ya nane: watu, muda, na kuondoka

Tenga saa maalumu na uzitangaze. Saa nne kwa wiki zinazotimizwa ni bora kwa mradi kuliko ahadi ya kila usiku inayovunjika mwezi wa pili. Andika pia gharama zako za mega. Miradi michache hupokea michango na inaweza kukurudishia, mingi haiwezi, na ni vizuri ujue mapema unachotoa mfukoni, hata mkeo au mumeo ajue.

Watumiaji watakuandikia moja kwa moja, wengine kwa ukali. Warudishe wote kwenye ukurasa wa kasoro wa mradi, ili jibu moja liwafae wengi. Majibu yanayorudiwa yageuze kuwa maelezo, na hapo andika kwa Kifaransa na Kiswahili pamoja na Kiingereza. Maelezo ya Kiswahili ya kurasa mbili kuhusu namba 3010 na betri ya bodi mama yamenipunguzia simu za jioni kuliko msimbo wowote niliouandika.

Siku utakayopewa haki ya kutoa matoleo, anza siku hiyohiyo kuandika faili ya makabidhiano: toleo linatengenezwa kwa amri zipi na kwa mpangilio upi, ufunguo wa kutia saini unaisha lini, nani mwingine ana haki gani, kasoro zipi zinajulikana na kwa nini zimeachwa, na akaunti zipi zimesajiliwa kwa jina lako. Manenosiri yasiwemo. Ukiona kazi, ugonjwa au familia inakuzuia kwa miezi miwili mfululizo, sema waziwazi kwa wenzako, omba haki zako zipunguzwe kwanza badala ya kuziacha zikilala, na mfundishe atakayekufuata kwa kutoa pamoja naye walau matoleo mawili: la kwanza wewe ukiandika amri naye akitazama, la pili yeye akiandika nawe ukiwa umekaa pembeni, mikono mbali na kibodi.